Nilimkasirikia Mungu, Akaniacha Niongee

Watu wangu, leo naongea ukweli. Usiku wa Aprili 29, 2016, nikiwa bado praimari, mvua ilinyesha na ghorofa ya orofa sita ikaanguka hapa kwetu Huruma. Karibu watu 50 walikufa. Tukaambiwa eti ni mapenzi ya Mungu. Nilibeba hiyo hasira miaka.

Juzi nikasoma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, hakuna haleluya, na bado iko kwa Biblia. Kumbe Mungu anakubali kulalamikiwa!

Nikamwaga yote, nikalia, nikalala. Lile jengo lilikuwa limepigwa alama libomolewe, na watu wakaendelea kulipishwa kodi. Hayo ni mapenzi ya pesa. Nina amani na Mungu sasa, lakini nikiona ufa ukutani, mwenye ploti atanisikia.