Picha ya Shamba la Nyanya

Mwaka juzi nilinunua kamera ya mtumba nikajipa kazi: kila Jumamosi nitapiga picha jengo moja la zamani la Arusha, mpaka yaishe. Naishi Kikatiti. Asubuhi nasimama barabarani, napanda Hiace, napita Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, naingia mjini kabla Mlima Meru haujajifunika mawingu.

Nilianza na Boma, ngome ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1900, ambayo leo ni makumbusho. Wiki iliyofuata ikawa Mnara wa Saa, ambao ukimuuliza dereva teksi yeyote atakuambia ndiyo katikati ya Cape Town na Cairo. Kisha Makumbusho ya Azimio, jengo ambamo TANU ilikutana Januari 1967 ikatoka na Azimio la Arusha. Kisha AICC, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari hadi ilipofungwa mwaka 2015. Njiani nilijifunza adabu ya kwanza ya kazi hii: msalimie mlinzi kabla hujatoa kamera. Ukitoa kamera kwanza, hata ukisalimia baadaye, umeshakuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Jumamosi moja nilishukia Tengeru kwenye makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi karibu 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa pale wakaishi miaka kadhaa. Waliofia ugenini wako pale, na misalaba yao, na majina yao. Nilipiga picha nyingi kuliko mahali pengine popote. Nilirudi nyumbani najiona mtu anayejali historia.

Macho ya bibi hayaoni vizuri kwenye kioo cha kamera, kwa hiyo nilizisafisha picha zangu studio, Usa River, nikampelekea. Alizipanga kwenye mkeka moja moja, kama anapanga maharage ya mbegu.

"Hizi nyumba ni za nani?"

"Nyingine za serikali, bibi. Hii ni ya Wajerumani."

"Na za kwetu ziko wapi?"

Nikamjibu haraka haraka, kama mtu aliyesoma. Nikasema nyumba zetu za zamani zilikuwa za miti, udongo na majani, kwa hiyo hazikudumu.

Bibi akanitazama. "Hazikudumu? Nyumba ya baba yangu ilichomwa moto."

Sasa, habari ya Ngarenanyuki mimi nilikuwa naijua. Kila Mmeru anaijua. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Niliijua hivyo, kama habari ya Kirilo na New York. Sikujua kwamba mtoto mmoja wa miaka tisa katika hao 3,000 ni huyu anayenipikia makande.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa unaniuliza habari za Wajerumani."

Akaniambia kwamba walioondolewa walipangiwa kuhamia King'ori, ardhi ambayo hawakuitaka. Baba yake alikataa kwenda. Akaomba hifadhi kwa shemeji yake, huku. Yaani ndiyo sababu sisi ni watu wa Kikatiti. Miaka yote hiyo nilidhani tumekuwa hapa tangu zamani.

Usiku ule nilikumbuka jambo nililolisoma nilipokuwa natafuta habari za majengo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale lenyewe kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye linahitaji kutangazwa na waziri. Kwa kipimo hicho hata Boma halifiki, limechelewa miaka 37. Lakini Boma lina bahati moja: limesimama. Linaweza kutangazwa, linaweza kupakwa rangi, mimi naweza kwenda Jumamosi nikalipiga picha. Nyumba iliyochomwa haina la kumwomba waziri. Na mimi nilikuwa nimezunguka mji mzima miezi kadhaa nikichagua kilichobaki, bila kujiuliza nani alikiacha kibaki.

Tulikwenda Ngarenanyuki mwezi wa saba, mimi, bibi na mama mdogo, kwa gari ya kukodi. Barabara ya kutoka Usa River inapita ndani ya Hifadhi ya Arusha, na twiga walikuwa karibu kabisa. Mama mdogo akawa anawapiga picha kwa simu. Bibi hakuwaangalia. Alikuwa anaangalia milima, anahesabu kitu kimoyomoyo.

Tulipofika alipotea. Alisema ni hapa, akasema hapana, ni kule mbele. Tulishuka na kupanda gari mara nne, dereva akaanza kuguna. Mwishowe bibi aliuona mfereji. Akaufuata kwa fimbo yake hadi ulipopinda, akasimama.

"Hapa mama alikuwa anachota maji. Mlango ulikuwa unatazama kule."

Palikuwa na shamba la nyanya. Kijana mwenye shamba alikuja, akamwamkia bibi shikamoo, akauliza kwa wasiwasi kama tumekuja kudai ardhi. Bibi akacheka. "Hapana, mjukuu wangu. Nimekuja kuangalia tu." Kijana akatuchumia nyanya, mfuko mzima, akakataa hela.

Nikatoa kamera, na kwa mara ya kwanza sikujua niielekeze wapi. Hapakuwa na ukuta wala jiwe la msingi. Nikapiga picha matuta ya nyanya, mfereji, na mkono wa bibi umenyoosha fimbo kuonyesha mlango ulipokuwa. Kama picha, si nzuri. Jua lilikuwa la mchana, na kidole changu kimeingia pembeni.

Niliisafisha hiyo moja tu. Bibi akaniambia niandike nyuma yake, akanitajia maneno: jina la baba yake, jina la mama yake, 1951. Kisha akaiweka kabatini, kwenye bahasha moja na kadi yake ya hospitali na karatasi za kiwanja. Zile za Boma na Mnara wa Saa alinirudishia.