Kengele ya Zimamoto

Katika safari yetu ya bara tulipita Moi's Bridge, mji wa mahindi ulio baina ya Eldoret na Kitale, ambao zamani ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Kuona maghala ya nafaka na maduka yaliyobanana kulitukumbusha magari ya zimamoto ya utotoni mwetu: mekundu, ngazi mgongoni, kengele ya shaba ikigongwa kwa mkono. Watoto tukiyakimbilia, mama zetu wakiwaombea dua wale waliouelekea moto ambao wengine waliukimbia.

Tangu 2013 kazi hiyo imo mikononi mwa kaunti. Lakini makao ya kaunti yako Eldoret, na moto haungoji safari. Hapo kikosi cha kwanza ni jirani na ndoo yake. Basi gari likichelewa, tusiwapokee wazima moto kwa mawe; tuwapishe njia, tuwaonyeshe maji yalipo. Kengele imenyamaza, ila heshima ya wale waliopanda gari lile ingali deni kwetu. Mwenyezi Mungu awahifadhi.