Kituo cha Chalinze

Mwaka 2019 tulifika Chalinze saa saba mchana, tukiwa tumeendesha baiskeli zaidi ya kilomita 100 tangu Dar es Salaam. Tulikwenda Morogoro, tukichangisha fedha za madawati. Pale njia ya Tanga inapoachana na ya Morogoro tulijitupa chini ya mwembe, tukavua viatu na kulalamikia mapaja yetu.

Mzee mmoja akasimama karibu nasi, baiskeli yake imebeba magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwauza nini?"

Tulipomweleza, alicheka, wala si kwa dharau. "Kumbe kuna wanaochangiwa kwa kuendesha baiskeli!" Yeye alitoka kijijini kwake alfajiri, na kesho yake angetoka tena, nyuma yake halikumfuata gari la maji, kama lilivyotufuata sisi. Malalamiko yetu yakakoma.

Akatoa shilingi 500. Mjukuu wake, alisema, husomea sakafuni. Tukafungua orodha yetu ya shule, tukaisoma mara mbili. Ya kijiji chake haikuwamo. Tulipotaka kumrudishia fedha yake, alikwisha kuingia barabarani.