Lenzi Iliyofichwa Kabatini

Mama mwenzetu, je, umewahi kukuta ndani ya nyumba yako kitu cha thamani ambacho hukujua kilinunuliwa lini, wala kwa fedha zipi? Sisi yametupata hayo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mapema mwezi wa Julai 2022. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku wodini, na kabla ya kulala akaamua kubadilisha mashuka. Nyuma ya mablanketi ya wageni mkono wake uligusa kitu kizito kilichofungwa ndani ya foronya. Alipokifungua alikuta lenzi ya kamera, nene kama chupa ya chai, pamoja na risiti yake ya shilingi 85,000. Hizo ndizo fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya ada ya binti yetu mkubwa, ambaye mwaka huo alikuwa kidato cha nne.

Sisi ni mke na mume, tuna watoto watatu. Mama ni muuguzi, na kanisani husaidia katika kikundi cha wanandoa. Baba ni fundi wa umeme. Anayeshika kalamu ni mama, lakini kila mstari tumeusoma pamoja na baba amekubali uchapishwe. Tunayaandika haya kwa sababu katika kile kikundi tumeona kwamba nyumba nyingi zina foronya kama ile yetu.

Ndege juu ya paa letu

Tunakaa upande wa Lang'ata, jijini Nairobi, na kila siku ndege ndogo hupita juu ya paa letu zikielekea uwanja wa Wilson. Uwanja huo una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Ulipewa jina lake mwaka 1962. Hapo ndipo zinapoondokea pia ndege za madaktari wa AMREF, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Mama alipokuwa muuguzi kijana huko mashambani, aliwahi kuketi na mgonjwa kando ya kiwanja cha murram, ameshika chupa ya dripu, akisikiliza kama mlio wa ndege unakuja. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu hakuna aliyedharau ndege. Ila baba alizipenda zaidi. Tangu utotoni alizijua kwa mlio tu, kabla hazijaonekana.

Mwezi wa Mei 2022 jeshi la anga la Kenya lilifanya maonyesho ya ndege kwenye bustani ya Uhuru Gardens, hapo hapo karibu na Wilson. Tulikwenda na watoto, tukabeba chapati, maji na kamera yetu ndogo ya kupigia picha za arusi. Tulifurahi sana. Lakini jioni tulipoziangalia picha tulicheka hadi machozi. Ndege ya kivita iliyotutikisa vifua ilionekana kama nzi kwenye ukuta. Helikopta ilikuwa doa jeusi. Sote tulicheka, kumbe baba hakucheka kwa moyo. Wiki chache baadaye alikwenda mjini peke yake.

Siku tisa za kimya

Tungependa kuwaambia kwamba siku ile tuliketi tukazungumza. Haikuwa hivyo. Mama aliweka lenzi mezani, akalala. Baba aliporudi akaiona, akatoka nje. Kwa siku tisa tulisalimiana mbele ya watoto tu. Baba aliona haya kusema. Mama naye aliona kwamba kunyamaza ndiyo adhabu inayofaa.

Muhula ukafunguliwa. Binti yetu akaenda shuleni na sehemu ndogo tu ya ada, akiwa na ahadi kwamba nyingine inakuja. Kabla ya wiki kwisha alirudi nyumbani na sanduku lake. Alipita katikati yetu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Huo ulikuwa mwaka wake wa mtihani.

Usiku ule ndipo tulipozungumza. Baba alisema alikusudia kuzirudisha fedha hizo kwa kazi aliyoahidiwa, na kazi ikaahirishwa. Alisema pia jambo ambalo mama hakulitazamia: kwamba tangu tuoane hajawahi kununua kitu kwa ajili yake mwenyewe, na hakujua aombe namna gani bila kuonekana mtoto. Mama naye alikiri kwamba kama angesema siku ya kwanza, lenzi ingerudishwa dukani kabla muhula haujafunguliwa. Hapo tuliona kwamba makosa yalikuwa mawili, la kuficha na la kunyamaza, na aliyeyalipia ni mtoto.

Tuliichukua ile lenzi tuitazame vizuri kabla ya kuirudisha. Mama alitoa mfukoni tochi ndogo anayotumia kuangalia mboni za wagonjwa, akaiangaza kupitia vioo. Ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Baba alikuwa amenunua kitu kibovu kwa sababu alinunua kwa siri na haraka, bila mtu wa kumuuliza. Aliyemwuzia alikubali kurudisha shilingi 60,000 tu. Nyingine zilipotea. Tulizikazia kwa zamu za ziada, na binti yetu akarudi shuleni baada ya siku sita. Kwa baba yake hakusema neno.

Tulivyochagua mara ya pili

Baada ya hapo tuliweka kopo jikoni. Kila mwezi, baada ya ada, chakula, kodi na sadaka, kilichobaki kidogo kiliingia humo, na kila mtu aliona. Wakati kopo likijaa polepole tulijifunza. Kama katika nyumba yako kuna baba au kijana anayependa kupiga picha za ndege, haya yatakusaidia usiwe mgeni wa mazungumzo hayo.

Kwanza, ndege iko mbali, kwa hiyo lenzi ndiyo inayostahili fedha nyingi kuliko kamera. Lenzi inayofika milimita 300 inatosha kwa kuanzia. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo cha picha, na hilo ni faida hapa. Kwenye Nikon za namna hiyo milimita 300 huona kama 450, na kwenye Canon kama 480. Zipo lenzi za milimita 150 hadi 600, lakini nyingi huwa na uzito wa karibu kilo mbili. Mama alimwambia baba ashike pakiti mbili za unga wa kilo moja moja mbele ya uso wake kwa dakika tano, akizizungusha kama anayefuata ndege. Dakika ya pili mikono ilikuwa ikitetemeka, na hoja ikaisha.

Pili, kamera iwe na uwezo wa kushika shabaha mfululizo wakati kitu kinasogea. Kwenye Canon nyingi jambo hilo huitwa AI Servo, na kwenye Nikon na Sony huitwa AF-C. Tena iweze kupiga picha kadhaa kwa sekunde moja. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 na Nikon D500 ya mwaka 2016 hupiga 10 kwa sekunde, na kamera za zamani kama hizo bado zinafanya kazi nzuri mikononi mwa mtu wa pili. Si lazima kununua mpya.

Tatu, kitu kilichotumika kipimwe kama mgonjwa anayepokelewa wodini. Angaza tochi kupitia lenzi utafute kuvu na mikwaruzo. Sikiliza mota yake ikilenga: je, inakwama au inakoroma? Uliza kamera imeshapiga picha ngapi, maana shata nayo huchakaa. Piga picha dukani ya kitu kilicho mbali, kisha ikuze uione. Ukiwa pwani, ambako hewa ina unyevu, hifadhi lenzi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiifungie kabatini ndani ya foronya.

Mwishowe tulinunua kamera ya Nikon iliyotumika na lenzi ya milimita 70 hadi 300. Tulikwenda dukani wawili, na tochi tulikwenda nayo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilitushangaza. Tulidhani kila ndege hupigwa kwa kasi kubwa kabisa. Kwa ndege ya kivita ni kweli. Shata ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, au kasi zaidi, huifanya ionekane safi. Lakini ukiipiga hivyo ndege ya pangaboi, panga zake huganda, na ndege huonekana kama imezima injini angani. Ndege hiyo hutaka kasi ndogo, kama sehemu moja ya 250 ya sekunde, au hata ya 125, ili panga zionekane zikizunguka. Helikopta hutaka ndogo zaidi. Na kasi ikiwa ndogo, mpigaji lazima aigeuze kamera kwa mwendo ule ule wa ndege, kiuno kikizunguka na miguu ikitulia, na asiache kufuata hata baada ya kubonyeza. Tulijifunza hilo kwa kufuata matatu ya Lang'ata Road, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza.

Tena mbingu nyeupe huidanganya kamera, nayo ikafanya ndege kuwa nyeusi. Ongeza mwanga kidogo kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Jua liwe mgongoni mwako. Kwetu saa sita mchana jua huwa juu ya kichwa, na tumbo la ndege huwa giza. Asubuhi na alasiri ni bora. Na nje ya maonyesho ya wazi kama yale, usielekeze kamera kwenye kambi ya jeshi wala uwanja wa ndege bila ruhusa. Hilo linaweza kukuletea matatizo makubwa.

Usiku wa kabla ya maonyesho

Maonyesho yalifanyika tena mwaka 2023. Binti yetu alikuwa amekwisha kufanya mtihani, yuko nyumbani akisubiri kujiunga na chuo. Alikuwa amefaulu, lakini si kwa alama tulizozitarajia. Hakuna anayeweza kusema kama zile siku sita ndizo sababu. Sisi wenyewe tumejiuliza mara nyingi. Na baba yake bado alimjibu kwa neno moja moja tu.

Usiku wa kabla ya kwenda, baba alikuwa mezani akichaji betri na kufuta kadi ya kumbukumbu. Alimwita. Katika malezi tuliyolelewa, mzazi hamwombi mtoto msamaha. Hununua soda, au hutania, mambo yakapita. Baba hakununua soda. Alimwambia, "Mwaka jana nilichukua ada yako nikanunulia kitu changu. Nilikukosea, na sikukuambia." Mama naye akasema lake, kwamba alikuwa na ulimi wa kulizuia jambo lile, akauweka. Binti yetu alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Hiyo kamera inawashwaje?"

Hatukwenda mbali zaidi ya hapo usiku ule. Alifundishwa vitufe hadi saa nne.

Kesho yake, pale Uhuru Gardens, baba alimpa yeye kamera kwanza. Alipiga vibaya sana mwanzoni. Akakata mikia, akakata pua za ndege, akapiga mawingu matupu. Baba alisimama nyuma yake akimwambia, "Anza kuifuata mapema, ikiwa bado mbali." Mama alishika chupa ya maji na mwavuli. Jioni tulihesabu picha 412, na nzuri zilikuwa tano. Moja ni ya helikopta ikiinama, pangaboi yake imefanya duara jepesi juu ya kichwa chake, na mtu ndani anaonekana akipunga mkono. Aliipiga yeye. Tumeitia kwenye fremu, ipo sebuleni, na wageni hudhani tuliinunua.

Ile risiti ya 85,000 tumeibandika kwenye daftari la matumizi ya nyumba. Hatukuiweka ili kumkumbusha baba kosa lake. Tunapanga bajeti juu ya ukurasa ule ule kila mwisho wa mwezi, na sasa kuna mstari wa baba na mstari wa mama, hata kama ni shilingi 500 tu kila mmoja. Mama mwenzetu, muulize mumeo ni kitu gani angependa kununua na anaona haya kukitaja. Muulize siku ambayo hakuna ugomvi. Nawe umwambie chako.

Baba bado anaitamani lenzi ya milimita 600. Ameisema mezani, watoto wote wakisikia. Tumekubaliana ingoje mpaka mdogo wao amalize shule.