Utao wa B.B. King

Mwaka 1991 baharia mmoja wa mtaani kwetu alinipa kanda ya B.B. King. Kiingereza changu nilikiokota mwenyewe katika kamusi iliyopukutika kurasa, na kwa kiburi cha ujana nikaona nyimbo zile haziwezi kunishinda. Nikachagua mmoja, nikaufasiri kwa siku tatu, nikautia vina.

Ubeti wa blues ya jadi una mishororo mitatu. Wa kwanza hutaja dhiki, wa pili huirudia dhiki ileile, takriban kwa maneno yaleyale, na wa tatu hujibu. Mimi niliuona ule wa pili kuwa ni ukata wa maneno. Nikaufuta.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, hakujua Kiingereza hata cha salamu, lakini kanda ile akiisikiliza huku akipeta mchele. Nilipomsomea tafsiri yangu aliweka ungo chini.

“Mbona huyu wako analia mara moja tu, mwanangu? Na kile chombo kilichokuwa kikimwitikia, umekitia wapi?”

Nikamjibu kwa sheria za arudhi, mizani na urari. Alinisikiliza kwa adabu, akarejea kwenye mchele wake.

Ilinichukua miaka kukisikia alichokisikia yeye. B.B. King alizaliwa mwaka 1925 karibu na Itta Bena, Mississippi, akakulia katika mashamba ya pamba. Kwa bibi mmoja wa ukoo wake ndiko alikosikia, katika santuri, sauti za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Alipokuja kuwa bingwa, desturi yake ilikuwa kutoimba na kupiga gitaa kwa pamoja. Akiimba, gitaa hunyamaza. Akinyamaza, gitaa husema. Sauti huchukua kama nusu ya muda wa mshororo, na iliyobaki huachiwa nyuzi. Sisi watu wa mashairi tulipaswa kumtambua mapema: ukwapi wake ni wa kinywa, utao wake ni wa gitaa. Basi mshororo unaorudiwa haurudi kama ulivyotoka, kwani umekwisha kujibiwa. Asemaye mara ya pili ni mtu aliyekwisha kusikilizwa.

Mwaka 1949, huko Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana ukumbini alimokuwa akitumbuiza, wakaliangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kwa ajili ya joto. Ukumbi ukawaka. King alikwisha kutoka salama, kisha akarudi motoni kulichukua gitaa lake. Aliposikia kuwa ugomvi ulimhusu mwanamke aitwaye Lucille, akalipa gitaa jina hilo, na magitaa yaliyofuata akayaita vivyo hivyo. Zamani nilikidhani kisa hiki kuwa ni mzaha. Sasa nakielewa: chombo kinachokujibu hukiachi bila jina.

King alifariki mwaka 2015, na shangazi alikuwa amemtangulia. Mwaka huu nimeifungua upya tafsiri ile. Mshororo wa pili nimeurudisha mahali pake, na baada ya kila ukwapi nimeacha nafasi tupu, pana kama utao. Wa kumsomea ndiye sina. Siku ile aliponiuliza nilikuwa na jibu tayari. Laiti ningenyamaza japo kwa mizani nane, nikamsikiliza.