Injini Ngeni

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikikutanishwa, hugombana kama jogoo wawili katika ua mmoja. Ya kwanza husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Ya pili husema, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda." Ya kwanza hutuonya tusiitupe asili yetu; ya pili hukiri, pengine kwa kejeli, kwamba upya una utamu hata pale unapoumiza. Nilizisoma zote mbili nilipokuwa mwanafunzi, nikazikariri kwa ajili ya mtihani, wala sikudhani kwamba siku moja zingenijia pamoja na kunitaka niamue baina yao. Shauri lenyewe lilikuwa la gari.

Gari hilo ni Land Rover ya mwaka 1969, ya toleo liitwalo Series IIA, fupi, lenye paa la turubai. Turubai hilo hufungwa kwa kamba na mikanda juu ya vyuma vilivyopindwa. Likifunguliwa na kukunjwa, gari huwa wazi kabisa, na kioo cha mbele nacho huweza kulazwa juu ya boneti. Watu wa Ulaya na Marekani wanapotaja gari la paa la kukunja, huwaza chombo chekundu cha kutembelea ufukoni. Kwetu Nyeri gari la wazi lilikuwa hili: la kuchukulia mbolea, ndama, magunia ya kahawa, na watu wasioogopa baridi ya Mlima Kenya. Nililinunua mwaka 2017 katika mnada wa chama kimoja cha wakulima. Lilikuwa limesimama ghalani muda mrefu, na kuku walikuwa wakitaga mayai chini ya kiti cha dereva.

Yafaa msomaji aijue nasaba yake. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani majuzi, na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo mwili wa gari uliundwa kwa bati la aina ya alumini, ambalo halishiki kutu kama chuma. Chasisi, lakini, ni ya chuma, tena yenye uvungu ndani yake. Tope jekundu la nchi yetu likiingia humo na kukaa miaka, hula chuma kama mchwa alavyo boriti. Ndiyo sababu mwenye busara anunuapo gari la namna hii haangalii rangi. Huinama chini akiwa na nyundo ndogo, akagonga chasisi toka mbele hadi nyuma, akasikiliza. Niligonga, nikajibiwa kwa sauti ya chuma kizima, isipokuwa mahali pawili, napo palitibika kwa kuchomelewa.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa katika injini. Ilikuwa ya petroli, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,286, na hata ilipotoka kiwandani nguvu zake hazikufika farasi 80. Injini hupumua kama mtu, na kwetu hewa ni nyepesi. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki, karibu na mstari wa ikweta, hukaribia mita 1,950. Katika kimo cha mita 2,000 uzito wa hewa ni kama sehemu nne kwa tano za ule wa pwani. Basi katika kila farasi watano walioondoka Mombasa, mmoja hubaki njiani kwa kukosa pumzi. Farasi wangu walikuwa wachache na wazee. Katika njia ya Othaya, yenye vilima na mabonde, nilipanda kwa gia ya pili huku malori ya majani ya chai yakinipita, na lita moja ya petroli haikunifikisha kilomita 6. Ilipofunguliwa, silinda zilionekana zimelika, na shafti yake kuu ilikuwa imesagwa mara nyingi hata ikafika kipimo cha mwisho.

"Mwalimu," fundi wangu aliniambia, akijifuta mikono kwa kitambaa, "injini hii imefanya kazi yake. Mpe mzee nafasi apumzike."

Fundi huyo ni mtu wa jua kali, ambaye hakupata kusoma uhandisi darasani, lakini vidole vyake vinajua kupima. Vijana waliokuwa wakishinda katika gereji yake walinishauri nitie injini kubwa ya silinda 8, ili watu wa Nyeri wageuke kutazama. Fundi alicheka. Alinieleza kwamba ekseli za Land Rover ya zamani zilikadiriwa kwa nguvu ndogo, na kwamba fito zake za ndani hukatika zikisukumwa kupita kiasi. "Ukimtwika punda mzigo wa ngamia," alisema, "utauvunja mgongo wa punda." Tukakubaliana juu ya injini ya Toyota ya dizeli, ya lita 2.8, ndugu wa zile zilizosukuma pikapu na matatu nyingi za nchi hii. Haina makeke, wala haina mbio. Lakini vipuri vyake hupatikana toka Karatina hadi Meru, na hakuna fundi kijijini asiyeijua.

Tuliipata Nairobi, katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambako injini zilizotumika Japani hupangwa sakafuni kama maboga sokoni. Kuileta Nyeri ilikuwa kazi rahisi. Kuioza kwa giaboksi ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa kazi. Matundu ya injini hayakulingana na matundu ya giaboksi, kwa hiyo ilibidi kukerezwa sahani nene ya chuma ya kuziunganisha. Sahani hiyo ina siri moja kubwa. Shafti ya injini na shafti ya giaboksi lazima zitazamane katikati barabara. Zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi huanza kulia, klachi hutetemeka, na baada ya muda kila kitu husagika. Nilimtazama fundi akipima, akikereza, akipima tena, siku baada ya siku. Nilijifunza kwamba ndoa ya vitu viwili visivyozaliwa pamoja haisimami kwa nguvu ya nati, bali kwa usahihi wa katikati yake.

Dizeli haina plagi za kuwasha moto wala kabureta. Injini ya kale ilibana mchanganyiko wake kiasi cha mara 7 au 8. Hii hubana hewa zaidi ya mara 20, hata ikapata joto la kuyawasha mafuta yanyunyizwapo ndani. Mbano huo huzaa mtikisiko, na mtikisiko hutaka vishikio vya mpira vilivyo imara. Hapo fundi alitaka kukata kipande cha chasisi ili apate nafasi. Nilimwomba asikate, bali atengeneze vishikio vitakavyofungwa kwa bolti katika matundu yaliyokuwapo. Alinung'unika kidogo, kwa kuwa kukata kungechukua saa moja na kutengeneza kulichukua siku tatu, lakini alifanya.

Kisha ukaja mtihani wa namna nyingine. Mtu mmoja mjuzi wa njia za mkato alinijia kwa upole akaniambia kwamba kuandikisha injini mpya ni usumbufu. Kwa fedha kidogo, alisema, angefuta nambari ya injini ya Toyota na kugonga juu yake nambari ya ile ya kale, na hati zangu zingebaki kama zilivyokuwa. Nilikataa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humtaka mwenye gari amjulishe msajili maelezo ya gari yanapobadilika, na nambari ya injini na aina ya mafuta ni katika maelezo hayo. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, nambari ya injini ni kama jina la mtu. Kumpa mgeni kazi nyumbani mwako si aibu; aibu ni kumpokonya jina lake na kumvika la marehemu. Gari lilikaguliwa, ada ikalipwa, na hati sasa husema kweli: mwili wa Uingereza wa mwaka 1969, injini ya Japani.

Nilidhani shauri limekwisha. Jambo moja tu lilinisononesha, nalo ni sauti. Injini ya petroli ilikuwa na mlio mwororo, wenye kupanda na kushuka kama mtu aimbaye peke yake shambani. Dizeli hugonga kama kinu. Niliona kwamba nimepoteza kitu kisichonunuliwa dukani.

Cucu, kama tumwitavyo nyanya kwetu, alikuwa amekataa kupanda gari lile tangu siku nilipolinunua. Kila mara alinijibu kwa adabu, "Nitatembea, mjukuu wangu, miguu bado ninayo." Siku nilipofika na injini mpya alitoka nje akasimama penye ua.

"Hilo ni gari jingine," alisema.

"Ni lile lile, Cucu."

"Silo. Lile nililijua kabla halijafika."

Ndipo aliponisimulia. Hali ya hatari ilitangazwa nchini tarehe 20 Oktoba 1952, ikadumu hadi Januari 1960. Tangu mwaka 1954 watu wapatao milioni moja wa sehemu zetu waliondolewa katika mashamba yao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Cucu alikuwa msichana wa miaka 12. Magari ya askari yalikuwa Land Rover, ndugu wakubwa wa hili langu, nayo mara nyingi yalikuja turubai zikiwa zimeondolewa. Watoto waliyasikia yakipanda kilima kabla vumbi halijaonekana, na mama zao wakawaziba vinywa. Hakusimulia zaidi ya hapo, nami sikumwuliza. Juma lile alipanda kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, kikapu cha ndizi mapajani, tukaenda soko la Karatina.

Tangu siku hiyo nimeifikiria sana asili, ambayo methali inatukataza kuiacha. Sauti niliyoililia mimi kama urithi ndiyo sauti aliyoikimbia nyanya yangu. Basi asili ya kitu si moja; kila aliyekutana nacho ana ya kwake, na anayetaka kuihifadhi hana budi kuuliza anaihifadhi kwa ajili ya nani. Wako wapenzi wa magari ya kale ambao huona gari lililobadilishwa injini limepungua thamani. Wana haki yao, kwa kuwa bila watu kama hao tusingejua chombo kilivyotoka mkononi mwa aliyekiunda. Lakini mkulima aliyebadilisha mpini wa jembe la mamaye mara tano bado husema, "Hili ni jembe la mama," wala hadanganyi, maadamu hulima nalo shamba lile lile.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi mtarithi vitu vingi ambavyo injini zake zimechoka: nyumba, vyama, mila, pengine hata taratibu za shule yenu. Wengine watawataka msiguse kitu. Wengine watawataka mtupe vyote. Kabla hamjawasikiliza, tazameni kama badiliko mnalolitaka linakirudisha kitu kazini, kama mnalifanya mchana kweupe na kuliandika mahali pake, na kama atakayekuja baada yenu ataweza kulitengua akiona mlikosea.

Kwa sababu hiyo ya mwisho sikuiuza injini ya kale, ingawa wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara mbili. Imekaa ghalani juu ya magogo, imepakwa grisi na kufunikwa gunia, na kila mwezi huizungusha kwa mkono ili isigande. Vishikio vyake vya zamani vimo katika kopo kando yake. Huenda mmoja wa watoto wangu atataka kuisikia. Naye akitaka, chasisi haikukatwa, na matundu yote yapo.