Kabla ya Kununua Shamba Java, Kaa Kwanza Kijijini

Mpenzi msomaji, huenda jioni moja umeketi sebuleni na jamaa yako mkitazama picha za kijiji cha Indonesia: majaruba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi, minazi inayopepea, na mlima unaofuka moshi kwa mbali. Moyo ukakunong'oneza, "Mbona nisiende huko, nikanunua kishamba, nikajenga nyumba na kuishi raha mustarehe?" Leo hebu tufunge safari pamoja tukakione kijiji hicho. Nakusihi jambo moja tu: akiba yako iache benki kwanza. Sababu utaiona njiani.

Kutoka Nairobi, aghalabu utabadilisha ndege katika miji ya Ghuba kama vile Dubai au Doha kabla ya kutua Jakarta. Kutoka hapo utapanda gari la moshi hadi Klaten, wilaya iliyo kati ya miji ya Yogyakarta na Solo, katikati mwa kisiwa cha Java. Rekebisha saa yako. Huko wametutangulia kwa saa nne, kwa hivyo wanapoamka saa kumi na mbili asubuhi, wewe nyumbani ungali usingizini saa nane za usiku.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni wingi wa watu. Kisiwa cha Java hakifiki hata robo ya Kenya kwa ukubwa, ilhali sensa ya 2020 ilihesabu huko watu wapatao milioni 151, zaidi ya mara tatu ya Wakenya waliohesabiwa 2019. Ndiyo maana familia nyingi za wakulima hulima chini ya nusu hekta, yaani ekari moja na robo hivi. Hata hivyo udongo una rutuba ya majivu ya volkano, na penye maji ya kutosha mpunga huvunwa mara mbili au hata tatu kwa mwaka. Lakini mlima unaowalisha ndio unaowaua. Mlima Merapi, ulio jirani na Klaten, ulilipuka mwaka wa 2010 na kuua zaidi ya watu 300.

Usiogope lugha. Utasikia maneno yanayofanana na yetu, kwa kuwa sisi na wao tulichota kisima kimoja cha Kiarabu. Habari kwao ni "kabar", sabuni ni "sabun", wakati ni "waktu", na riziki ni "rezeki". Mzee utamwita "Pak" na mama utamwita "Bu". Ukiwaita watu wazima kwa majina matupu, utaonekana umekosa adabu, sawasawa na huku kwetu.

Sasa umefika na umepata chumba cha kupanga. Usifungue sanduku kabla ya kupiga hodi kwa mwenyekiti wa RT, kundi dogo la majirani wa mtaa mmoja. Kwenye vijia vingi utaona kibao kinachotangaza kwamba mgeni anayelala hapo sharti aripotiwe katika muda wa saa 24. Ukikumbuka mpango wetu wa Nyumba Kumi, hutashangaa. Usiku wanaume hupokezana zamu ya kulinda mtaa, wakiwa na kibanda chao na gogo la kugonga panapotokea hatari.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Java methali hiyo ingeeleweka bila mkalimani. Siku ya kazi za pamoja, kila nyumba hutoa mtu wa kuzibua mitaro, kufagia barabara au kusaidia kuinua paa la jirani. Moyo huo wanauita "gotong royong", nasi tungeuita harambee. Akina mama nao wana "arisan", ambapo kila mmoja huchanga fedha na mmoja huzibeba kwa zamu. Hizo ni chama zetu hasa! Hata soko lina utaratibu wake. Masoko mengi ya vijijini hufuata juma la Kijava la siku tano, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, nawe usipoijua siku yako utakuta vibanda vitupu.

Baada ya miezi michache ya kuchanga, kuzibua mitaro na kula "tempe", chakula cha soya iliyochachushwa kilichoanzia Java, utaanza kuitwa kwa jina. Hapo ndipo unapoweza kuuliza habari za mali.

Swali la kwanza ni je, mgeni anaweza kununua shamba? Jibu ni hapana. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka wa 1960 inazo daraja za haki, na ya juu kabisa inaitwa "Hak Milik". Mswahili hahitaji kamusi hapo, kwani ni haki ya kumiliki. Haki hiyo ni ya raia pekee. Wala tusiwalaumu, kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 nayo inamruhusu mgeni kukodi ardhi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99.

Hapa ndipo wengi wanapoangamia. Mgeni hutafuta mwenyeji, awe rafiki, dereva au mchumba, kisha humpa fedha anunue ardhi kwa jina lake mwenyeji huyo. Kando yake hutiwa sahihi karatasi ya siri kwamba mwenye mali hasa ni mgeni. Sheria ileile iliuona ujanja huo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Inasema kwamba kumhamishia mgeni haki hiyo, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili, ardhi itaangukia serikali, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Yaani urafiki ukivunjika, hakimu hatakurudishia hata senti moja ya akiba yako ya miaka ishirini.

Isitoshe, si mgeni wa ng'ambo pekee anayezuiliwa. Tangu miaka ya 1960, kanuni za huko zinakataza hata raia kumiliki shamba la kilimo katika tarafa asiyoishi. Wapo wanaokwepa, lakini nia ya kanuni ni wazi: shamba ni la anayekaa karibu nalo. Wale wanaoitwa huku kwetu wakulima wa simu hawakukusudiwa. Na sababu ipo. Jaruba moja hulisha watu wengi, yaani mwenye shamba, mkulima asiye na ardhi anayelilima kwa kugawana mavuno, na vibarua wa kuvuna. Likigeuzwa jumba la kifahari la mtu wa mbali, wote hao hukosa wali.

Je, mlango umefungwa kabisa? La. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata haki ya kutumia nyumba, miaka 30 kwa mwanzo, kisha ikaongezwa 20 na 30 tena. Anaweza pia kukodi. Akitaka kufungua kampuni, kanuni za uwekezaji humtaka awe na mpango wa zaidi ya rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 70 za Kenya, kwa hivyo duka dogo la kijijini si lako. Nayo viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi. Wewe mwanafunzi, njia yako ni nyepesi zaidi. Serikali ya huko hutoa ufadhili uitwao Darmasiswa, ulioanza 1974, kwa vijana wa nje wanaotaka kujifunza lugha na sanaa zake.

Kabla hatujarudi, tupitie kijiji cha Ponggok, papo hapo Klaten. Mali yake kuu ilikuwa chemchemi ya maji maangavu. Mwaka wa 2009 kijiji kiliunda kampuni yake chenyewe, kikaifanya chemchemi kuwa bwawa la kitalii ambamo watu hupiga mbizi na kupigwa picha chini ya maji katikati ya samaki, wengine wakiwa juu ya pikipiki. Wanakijiji wenyewe walialikwa kuweka fedha zao na kugawana faida. Tangu 2015, kufuatia sheria ya vijiji ya 2014, serikali kuu hupeleka fedha za bajeti moja kwa moja kwa vijiji, na vingi vimeunda kampuni za aina hiyo.

Tazama basi, mpenzi msomaji. Waliofanikiwa Ponggok hawakununua kijiji. Walikuwa wakikaa ndani yake. Walimjua jirani mwaminifu na mwenye mikono mirefu, nao jioni waliweza kwenda kuuliza hesabu uso kwa uso. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kijijini ni kujuana. Ukiwa na hamu ya Java, nenda ukakae, ukapange chumba na uzibue mitaro. Hamu ya kununua ikikuzidi, kumbuka kijiji ulichozaliwa. Huko haki ya kumiliki unayo, na mwenyekiti wa mtaa huenda bado anakumbuka jina lako. Mara ya mwisho ulimpigia hodi lini?